Bunduki ya Kuwindia Hua na Amani ya Jirani



Kila mwaka, mpunga na mtama vinapokwisha kuvunwa katika mabonde ya mto Ruvuma na mto Messalo, hua, tetere na ninga hukusanyika kwa wingi kuokota punje zilizoanguka. Asubuhi huwa mashambani, na jua linapoelekea kuzama huruka kwenda kunywa maji kabla ya kurudi mitini. Katika majira hayo wananchi wachache wanaomiliki bunduki za marisawa kwa njia ya halali hutujia na swali lile lile: kwa ndege mdogo kama hua, bunduki ya kaliba gani yafaa, na marisawa ya ukubwa upi?

Baadhi yao huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kumwuliza polisi habari ya bunduki ni kujitia mashakani. Sivyo. Anayeuliza kabla ya kufyatua ndiye tunayemtamani. Kwa hiyo tumeona vema kulijibu swali hili kwa ukamilifu, maana kwa nje laonekana kuwa la mwindaji peke yake, lakini kwa ndani ni swali la jirani yake pia. Kuchagua kaliba na marisawa ni kuchagua risasi itafika wapi na itampata nani, na katika pwani hii yetu, ambako mlio mmoja waweza kukihamisha kijiji kizima, hakuna mwindaji anayefyatua kwa ajili ya nafsi yake tu.

Je, bunduki yahitajika?

Tuanze na jambo ambalo wengi huchanganya. Kuwinda hua kwa kitoweo ni jambo moja, na kulilinda shamba dhidi ya ndege ni jambo lingine. Wazee wetu waliamia mashamba yao kwa madungu, kamba zenye makopo, kelele za watoto na manati. Njia hizo bado ni bora kuliko bunduki. Kundi la kweleakwelea laweza kuwa na maelfu ya ndege. Katriji moja itaangusha wachache, na wengine watatua shamba la pili. Anayetaka bunduki ili kulinda mpunga atatumia fedha nyingi kwa faida ndogo.

Bunduki ya marisawa ina kazi yake pale mtu anapotaka kumpata ndege mmoja anayeruka, kwa idadi atakayoila nyumbani. Tutakayoyasema hapa chini yamhusu huyo, mwenye leseni ya silaha na kibali cha kuwinda. Ni karatasi mbili tofauti, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Maana ya kaliba

Bunduki ya marisawa hairushi risasi moja. Hurusha mamia ya punje ndogo za risasi zilizofungwa pamoja ndani ya katriji, ambazo hutawanyika kadiri zinavyoenda mbali. Ukubwa wa tundu la mtutu wake hutajwa kwa namba ya kaliba, na namba hiyo huwashangaza wengi kwa sababu huenda kinyume: kaliba 20 ni ndogo kuliko kaliba 12.

Sababu yake ni ya kale. Mafundi wa zamani walichukua ratili moja ya risasi, yaani gramu 454, wakaigawa katika tufe zenye uzito sawa. Ikiwa tufe moja kati ya 12 liliingia sawasawa mtutuni, bunduki hiyo iliitwa ya 12. Ikiwa ratili iligawanywa tufe 20, kila tufe lilikuwa dogo zaidi, na mtutu wake mwembamba zaidi. Ndiyo maana mtutu wa kaliba 12 una kipenyo cha milimita 18.5 hivi, wa 16 una milimita 16.8, wa 20 una milimita 15.6, na wa 28 una milimita 14. Iko pia bunduki nyembamba kuliko hizo, yenye mtutu wa milimita 10.4. Kwenye makasha yenye maandishi ya Kireno mara nyingi huandikwa kaliba 36, ingawa namba hiyo haikutokana na hesabu ya ratili.

Wengi hudhani kwamba kaliba kubwa hupiga kwa nguvu zaidi. Hapa ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Punje ya milimita 2.4 ina uzito ule ule, iwe imetoka katika kaliba 12 au kaliba 20, na mwendo wake wakati wa kutoka hautofautiani sana. Kinachobadilika ni idadi ya punje. Katriji ya kawaida ya kaliba 12 hubeba gramu 28 za marisawa, ya kaliba 20 hubeba gramu 24 hivi, na katriji fupi ya kaliba 36 hubeba kama gramu 14. Kwa punje za milimita 2.4, hesabu hiyo ni takribani punje 350, punje 300 na punje 175.

Tuseme mwindaji amemlenga hua aliye umbali wa mita 36, na nusu ya punje zake zimeingia katika duara lenye upana wa sentimita 76, kipimo ambacho mafundi wengi wa bunduki hukitumia. Mwenye kaliba 12 ameweka punje 175 katika duara hilo, mwenye kaliba 20 ameweka 150, na mwenye kaliba 36 hata 90 hazifiki. Kati ya punje chache namna hiyo hubaki mapengo makubwa, na mwili wa hua haukizidi sana kiganja cha mkono. Ndege hupita penye pengo akiwa mzima, au huguswa na punje moja na kwenda kufia msituni ambako hakuna atakayemwokota.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kaliba 20 yenye gramu 24 yatosha kabisa kwa hua, nayo ni nyepesi kubeba na haimsukumi sana mpigaji begani. Mwenye kaliba 12 hana haja ya kuibadilisha. Achague katriji nyepesi ya gramu 24 au 28, asizitafute zile nzito za gramu 36 au zaidi. Mwenye kaliba 36 aielewe kuwa ni bunduki ya mtu mwenye shabaha na subira, asiyefyatua kwa ndege aliye mbali kupita mita 20 au 25. Watu humpa kijana anayejifunza kaliba hii wakidhani ni rahisi kwa kuwa ni ndogo, kumbe ndiyo ngumu kuliko zote.

Ukubwa wa marisawa

Namba za marisawa nazo huenda kinyume: namba ikiwa kubwa, punje huwa ndogo. Namba 6 ni punje ya milimita 2.6 hadi 2.8, namba saba na nusu ni ya milimita 2.4, namba 8 ni ya milimita 2.25 hivi, na namba 9 ni ya milimita 2. Tumeandika "hivi" kwa makusudi, kwa kuwa kila nchi inayotengeneza katriji ina namba zake, na namba 6 ya nchi moja si lazima ilingane na namba 6 ya nchi nyingine. Usiitegemee namba peke yake. Tafuta kipimo cha milimita kilichoandikwa ubavuni mwa kasha, karibu na neno la Kireno *chumbo*, yaani risasi.

Hua wa pwani yetu hawalingani. Pugi mdogo ana uzito wa gramu 60 hivi, tetere ana kama gramu 150, na hua mkubwa mwenye macho mekundu pamoja na ninga huweza kufikia gramu 250. Hata huyo mkubwa hana mwili mgumu. Hahitaji punje nzito ya kuvunja mifupa. Anahitaji punje nne au tano zimpate kwa pamoja ili aanguke papo hapo. Kwa sababu hiyo milimita 2.4 ndiyo chaguo la busara kwa hua walio wengi, na milimita 2.25 yafaa kwa ndege wanaopita karibu, ndani ya mita 25. Namba 9 huishiwa nguvu upesi, nayo namba 6 hupunguza idadi ya punje bila faida: katika gramu 28 za milimita 2.7 zimo kama punje 245 tu, yaani pungufu ya zile za milimita 2.4 kwa zaidi ya 100.

Jambo la tatu linalokamilisha hayo mawili ni mbano wa mdomo wa mtutu. Mitutu mingi hubanwa kidogo karibu na mdomo ili punje zisitawanyike mapema. Mtutu uliobanwa sana huweka asilimia 70 ya punje katika lile duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36. Usiobanwa kabisa huweka asilimia 40 hivi. Kwa hua, mbano mdogo unaoweka nusu ya punje ndio unaofaa, kwa kuwa ndege wengi hupigwa wakiwa katika mita 20 hadi 30. Aliyebana sana humkosa ndege wa karibu, na akimpata humharibu asifae kuliwa.

Kila mwenye bunduki aijue yake kwa vitendo. Atundike karatasi kubwa mahali palipo na kilima nyuma yake, pasipo na njia wala nyumba, apige mara moja kwa mita 25, kisha ahesabu matundu. Atakachokiona kwenye karatasi kitamwonyesha mengi kuliko maneno ya muuza duka.

Marisawa huishia wapi?

Sasa tunafika kwenye sehemu inayotuhusu sisi polisi kuliko zote. Marisawa ya hua huua hua ndani ya mita 30 au 35, lakini hayasimami hapo. Wawindaji wa Ujerumani hufundishwa kanuni nyepesi ambayo kila mmoja wetu aweza kuikumbuka: chukua kipenyo cha punje kwa milimita, uzidishe kwa 100, na jibu ni mita ambazo mtu aliye mbele yako yumo hatarini. Punje ya milimita 2.4 yataka mita 240 zisizo na mtu. Punje ya milimita 2.7 yataka mita 270. Ziko pia katriji za punje kubwa zinazoitwa *zagalote* kwa Kireno, na kipenyo chake hufikia milimita 8.4: hizo zataka mita 840, karibu kilomita nzima. Ama katriji yenye risasi moja nzima, ile iandikwayo *bala*, hiyo huenda mbali zaidi, wala haina kazi yoyote kwa ndege.

Hesabu hii yatuonyesha kwamba punje ndogo humfaa mwindaji na humhifadhi jirani kwa wakati mmoja. Mashamba yetu hayana ua. Nyuma ya mtama wa mtu yupo mama anayechimba muhogo, na nyuma ya mikorosho ipo njia ya watoto waendao kisimani. Mita 240 ni nyingi, lakini mtu aweza kuzipima kwa macho na kwa miguu kabla ya kuanza. Mita 840 hakuna awezaye kuzichungulia zote katika nchi yenye vichaka kama hii.

Tena hatari kubwa haitokani na punje zilizorushwa juu angani, kwa maana hizo hurudi chini kwa unyonge, ingawa zaweza kuumiza jicho. Hutokana na punje zilizorushwa sawa na kimo cha mtu. Hua aliyeshtushwa shambani huruka chini chini, usawa wa kifua, na mwindaji mwenye pupa humfuata kwa mtutu bila kutazama yaliyo mbele. Kanuni ni moja: usifyatue mpaka uone anga pande zote za ndege. Ukiona majani, ukuta au giza la kichaka nyuma yake, mwache aende. Atarudi kesho kunywa maji pale pale.

Katriji ndogo katika mtutu mkubwa

Kuna ajali moja iliyokata mikono ya watu katika nchi nyingi, nayo huzuilika kwa dakika moja ya uangalifu. Katriji ya kaliba 20 ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya kaliba 12, haikai mahali pake. Huteleza ndani na kukwama mbele kidogo mtutuni. Mwindaji hutazama, huona chumba kitupu, hudhani alisahau kutia, kisha hutia katriji ya kaliba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka mbele ya mkono wake wa kushoto. Kwa sababu hiyo viwanda vingi hutengeneza katriji za kaliba 20 kwa rangi ya njano. Usichanganye kaliba mbili katika mfuko mmoja, na kila unapokunjua bunduki chungulia mtutu mzima mpaka uone mwanga upande wa pili.

Urefu wa katriji nao utazamwe. Bunduki iliyotengenezwa kwa katriji ya milimita 70 isitiwe ya milimita 76, hata kama inaingia, kwa maana katriji hujikunjua wakati wa kupigwa na kukosa nafasi, na shinikizo huzidi kiasi ambacho chuma kiliundwa kukistahimili. Kipimo hicho huchorwa kwenye chuma cha bunduki yenyewe. Kama kimefutika, au kama bunduki ni ya babu na mtutu wake una kutu ndani, usiipige kabisa. Ilete kwanza ikaguliwe. Na yale magobole yaliyofuliwa kwa mabomba ya maji hatuna la kuyashauri ila kuyasalimisha, kwa kuwa hayana leseni wala hayana usalama.

Risasi katika chakula na majini

Marisawa ya kawaida ni madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama wajawazito. Ndege aliyepigwa atafutwe punje zote kabla ya kupikwa, na nyama iliyochakaa kandokando ya jeraha ikatwe na kutupwa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 15 Februari 2023, marisawa ya risasi yamekatazwa katika maeneo ya majimaji, kwa sababu ndege huyameza wakidhani ni changarawe na kufa polepole. Sisi tuna mabwawa na mabonde ya mpunga ambayo watu hula samaki wake. Busara hiyo yatufaa nasi. Apatae katriji za chuma achague punje kubwa kidogo kuliko za risasi, kwa maana chuma ni chepesi, na ahakikishe kwanza kwamba bunduki yake yaruhusiwa kuzitumia. Mitutu mingi ya zamani huharibiwa na chuma.

Kasha husema nia ya mwenyewe

Afisa anapomsimamisha mtu mwenye bunduki njiani kati ya Palma na Mocímboa da Praia, hutazama mambo matatu: leseni, namba ya silaha, na katriji. Hilo la tatu husema mengi. Mtu asemaye anakwenda kuwinda hua, na mfukoni ana kasha moja la katriji 25 za milimita 2.4, maneno yake na mzigo wake vyakubaliana. Mtu asemaye hayo hayo huku amebeba *zagalote* au *bala*, mzigo wake wamkanusha. Yawezekana ni mtu mwema aliyeuziwa asichokijua. Lakini afisa aliye barabarani, katika wilaya iliyopitia tuliyoyapitia, hana njia ya kuusoma moyo wake, na atalazimika kumzuia mpaka ukweli ujulikane. Tunasema haya wazi ili mwananchi asiingie taabuni kwa kutojua. Nunua kinachofaa kazi yako, kwa idadi ya kazi yako, na uhifadhi risiti yake.

Nyumbani, bunduki ifungiwe peke yake na katriji zifungiwe mahali pengine. Bunduki haiazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa leseni ni ya mtu wala si ya ukoo. Ikipotea au ikiibwa, taarifa iletwe siku hiyo hiyo. Anayechelewa kwa kuogopa lawama humpa mwizi muda wa kuifikisha silaha mikononi mwa wenye nia mbaya.

Wazee wanakumbuka kwamba nchi hii, baada ya vita vilivyokoma mwaka 1992, ilibaki na silaha zilizofukiwa ardhini na kufichwa maporini. Kuanzia mwaka 1995 polisi wa Msumbiji na wa Afrika Kusini walishirikiana katika Operesheni Rachel kuzitafuta na kuziteketeza, na mwaka huo huo Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianza mpango wa kubadilishana silaha kwa majembe, baiskeli na vyerehani. Mafanikio hayo yalitegemea watu wa kawaida waliokubali kusema silaha ziko wapi. Leo pia twategemea jambo hilo hilo.

Mlio

Tumebakiza la mwisho, nalo ndilo zito. Waweza kuchagua kaliba ndogo na punje nyembamba, ukapunguza hatari ya risasi hata ikawa kama haipo, lakini mlio hautapungua. Kwa aliye kijiji cha pili, kaliba 20 na kaliba 12 ni sauti moja.

Tumfikirie mama aliyerudi kijijini kwake baada ya miaka ya ukimbizi. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, siku vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa, na baadaye katika mashambulizi ya Palma yaliyoanza tarehe 24 Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wa jimbo hili waliyaacha makazi yao. Mama huyu alikuwa mmoja wao. Sasa amerudi, amejenga upya, ameweka chungu motoni. Upande wa bondeni yasikika milio miwili. Ni mwindaji amepata tetere wawili, amefurahi, anawaokota. Mama hakuwaona tetere. Ameubeba mtoto mgongoni, ameacha chungu, na yu njiani kuelekea baharini pamoja na wenzake wote. Njiani watazusha habari, habari itafika kijiji cha tatu kabla ya jua kuchwa, na usiku huo watu watalala porini kwa ajili ya ndege wawili.

Mwindaji huyo hakuvunja roho ya mtu kwa kutaka. Hakutoa taarifa tu. Basi twaomba mambo haya yafanywe, hata kama kibali kimeshapatikana. Kwanza, fika kituo cha polisi ukaulize kama eneo hilo lafaa kuingiwa na silaha kwa siku hizo. Penye shughuli za majeshi mwindaji asikanyage kabisa, kwa maana askari aliye doria akiona mtu mwenye bunduki kichakani hatajua kama amefuata hua. Pili, mjulishe kiongozi wa kijiji na Baraza la Polisi Jamii, utaje siku, saa na mahali, ili wao wawatangazie watu msikitini, kanisani na sokoni. Tatu, maliza mapema jua likiwa bado juu, ijapokuwa hua wa jioni ni wengi. Mlio wa gizani hauna maelezo yanayoaminika. Nne, kijiji kikikuambia bado hakijawa tayari kusikia mlio, kubali. Hua wapo mwakani. Na katika Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kuchukua sehemu za wilaya za Macomia, Quissanga, Meluco na Ibo, usiwinde kwa mazoea tu. Waulize wahifadhi kwanza.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwa muhtasari, atakaye hua achukue kaliba 20 au kaliba 12 yenye katriji nyepesi, punje za milimita 2.4, mbano mdogo, umbali usiozidi mita 30, anga wazi nyuma ya ndege, na mita 240 zisizo na mtu. Juu ya hayo yote, achukue ruhusa ya masikio ya jirani zake. Milango ya kituo iko wazi kwa mwenye swali, mwenye bunduki ya kukaguliwa, na mwenye silaha ya kusalimisha. Njooni tuzungumze kabla ya msimu kuanza.